Posa, Bajia za Kunde na Mdomo Wangu

Kuna nyumba moja Temeke ambayo hadi leo nikipita jirani navua miwani nisitambulike, na nitawaambia sababu ingawa aibu haijanitoka.

Mpwa wangu Idi alinituma kumpelekea posa, akiamini mjomba aliyesoma chuo kikuu ataongea vizuri (maskini, hakujua hilo ndilo tatizo langu). Binti mwenyewe, Saada, sikuwahi kumwona. Mshenga husema lililomleta, basi, lakini tulipoletewa bajia za kunde, mie badala ya kula nikaamua kuwafundisha wazee wa pwani habari za kunde: kwamba majani yake ni mboga, punje zake huungwa kwa nazi, zikilowekwa, zikamenywa na kusagwa ndiyo bajia hizi, na yale maji zinamochemkia ndiyo yaliyotupa jina la rangi ya mtu, maji ya kunde, "rangi bora kuliko zote" (nani aliniuliza?), na hapo hapo akaingia dada mmoja na birika la chai, nami nikamnyooshea kidole.

"Kama huyu bibi harusi wetu! Idi ana macho."

Yule dada akatua birika chini.

"Huyo Mwajuma, dada mtu," bibi yao akasema polepole. "Na mumewe ndiye huyo uliyekaa naye."

"Endelea tu, mwalimu," mume akasema, akisogea pembeni. "Nasikiliza."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Bibi, mwambie arudi na posa yake. Saada ni mie, tena mweusi, na hizo bajia nimepika mie."

Pengine tangu utotoni alikuwa akipimwa kwa rangi ya dada yake, na sasa nimekuja mtu mzima, na tai shingoni, kumkumbusha.

Idi aliacha kupokea simu zangu. Nikarudi peke yangu kuomba radhi, na bibi akanitolea beseni la kunde zilizolowekwa. "Saada kasema uzimenye zote. Bila kuongea."

Nikamenya barazani toka adhuhuri hadi alasiri, wapita njia wakiniambia "Shikamoo mzee, unauza?" nami nikashindwa hata kuitika marahaba. Mwishowe Saada akatoka, akachokora beseni, akaokota punje moja yenye ganda.

"Hii umeiacha." Akaimenya mwenyewe. "Haya, Idi aje. Ila aje na mshenga mwingine."

Harusini jirani yangu mezani aliniuliza bajia tulizoandaliwa ni za nini. Nilijaza mdomo, nikatafuna taratibu, hadi akamuuliza mtu mwingine.