Maji Yaliyogoma Kushuka

Wifi yangu Yudith huhesabu vifaranga kwanza ndipo aitikie salamu ya mgeni. Nimeolewa na mdogo wake mwaka wa ishirini na mbili huu, na hadi leo nikitoka jikoni kwake ananitazama mikono. Simchukii. Mwanamke aliyeachiwa mashine ya kusaga na marehemu mume wake, akaiendesha peke yake hapa Ulaya huku wanaume wakingoja ashindwe, hawezi kuwa mtu wa kuamini ovyo. Na Ulaya yetu ni hii ya Kilosa, ya baiskeli na vumbi; ile nyingine tunaisikia tu.

Mashine yenyewe hutumia dizeli, na dizeli ilikuwa ikitoka Mikumi kwa guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, la Ziada Mwinshehe. Kila Jumanne Ziada alichukua madumu matupu ya Yudith, akayarudisha yamejaa. Walikwenda hivyo miaka tisa. Walikuwa marafiki kwa kiasi ambacho Yudith anaweza kuwa na rafiki: alimpa uji, kisha akanusa kila dumu.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, Yudith aliinama kwenye chujio. Chini yake pana kikombe cha kioo, na maji yaliyomo kwenye dizeli, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hushuka na kutulia humo. Alilegeza skrubu akayatoa kwenye kopo. Yalikuwa kama kijiko kimoja, lakini alinionyesha kila mara.

"Unaona, wifi? Wananiuzia na mvua."

Masika ya mwaka jana alijifunza kutengeneza sabuni ya maji kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Ilikuwa nzito, ya kijani, yenye harufu ya ndimu, na aliosha nayo kila kitu isipokuwa mbuzi. Akafikia madumu. Aliona weusi chini yake, akauliza Ziada anautoa wapi uchafu ule. Tangu wiki hiyo akawa anayaosha madumu kwa sabuni yake kabla ya kumkabidhi, anayasuuza mara moja tu kwa sababu bomba liko mbali.

Kikombe cha kioo kikaacha kuwa na maji, hata tone. Yudith akafurahi. Mtu anayeshuku hata baraka, siku hiyo hakushuku kitu.

Siku chache baadaye injini ikaanza kukohoa. Ilitoa moshi mweupe, ikaishiwa nguvu katikati ya debe la mtu. Fundi Herman alikuja kutoka Kilosa mjini, akafungua nozeli inayopulizia mafuta ndani ya injini, akakuta kutu.

"Mama, hii imekunywa maji."

"Maji gani, na kikombe kikavu?"

Herman akamimina dizeli kwenye glasi. Haikuwa angavu. Ilikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele, na ilikaa mchana kutwa bila ukungu kushuka. Hapo Yudith akapata jibu lake.

"Ziada amegundua kwamba natoa maji. Sasa ametafuta dawa ya kuyaficha."

Akaanza kumchunguza. Alimuuliza mafuta kayachukua saa ngapi, kapita wapi, kasimama na nani. Ziada alijibu yote. Na mimi nikiri: nilianza kuona kwamba Ziada haangalii watu usoni, ingawa miaka yote nilikuwa naona ni haya tu. Shaka inaambukiza kuliko mafua.

Wiki ya tatu dizeli ilikuja safi kabisa. Injini ikanguruma kama zamani. Nikadhani yameisha.

"Ameona tunamwangalia, kapumzika," alisema Yudith.

Wiki iliyofuata ukungu ukarudi. Siku ya gulio wifi yangu akasimama karibu na wauza nyanya, ameshika chupa ya dizeli ile, watu wakamsogelea. Hakupaza sauti. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Miaka tisa nimempa uji." Kabla ya adhuhuri wenye mashine wawili wa Kisanga walikuwa wamemwambia Ziada asiwaletee tena. Ziada, ambaye hana kazi nyingine, aliisikia habari yote akiwa amesimama hapo hapo kando ya guta lake. Akafunga mtandio vizuri.

"Sawa, dada," akasema, akawasha guta akaondoka.

Jumanne Yudith alikwenda Mikumi mwenyewe, nami nikamsindikiza. Alibeba madumu mawili aliyoyaosha vizuri. Kituoni alisimama karibu na pampu hadi dada aliyekuwa akijaza akarudi nyuma. Kisha akatoa chupa mpya, tupu na kavu, akataka ijazwe dizeli kutoka pampu ile ile, awe na ushahidi dhidi yao pia.

Tulipofika nyumbani akamimina glasi mbili. Ya dumu ilikuwa na ukungu. Ya chupa ilikuwa angavu, unasoma gazeti upande wa pili.

Nilimwona akiwapitia watu kichwani: wa pampu, dereva wa basi tulilorudi nalo, utingo wake. Akanifikia.

"Wewe ndiye uliyekaa na madumu."

"Na chupa pia nilikaa nayo, wifi."

Alifungua dumu, akanusa kwa muda mrefu. Kisha akaleta chupa mbili, akatia dizeli safi, kijiko cha maji kila moja, na katika moja akadondosha sabuni yake. Akazitikisa zote kama guta linavyotikisa barabarani. Katika ile isiyo na sabuni matone yalitafutana, yakaungana, yakashuka chini kabla chai haijachemka. Ile ya pili ikawa na ukungu, na kesho yake ilikuwa bado na ukungu.

Akampigia simu Herman.

"Sabuni huyavunja maji yakawa matone madogo sana, halafu huyazuia yasiungane," alisema Herman. "Hayashuki kwenye kikombe. Yanapita kwenye chujio pamoja na dizeli hadi kwenye nozeli. Na dumu lililosuuzwa halikosi maji, mama."

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda kwa Ziada. Tulimkuta uani anasugua masufuria. Alipotuona akasimama.

"Shikamoo, dada."

Yudith alichelewa kuitikia. Sijawahi kuona marahaba ikimwia mtu ngumu vile. Kisha akasema yote, wima, bila kujitetea: sabuni, chupa, na kwamba siku ya gulio atasimama pale pale kwa wauza nyanya ajitaje mwenyewe. Niliona aibu kwa niaba yake na kwa niaba yangu.

"Nilihisi ni sabuni," alisema Ziada. "Madumu yalinukia ndimu, na nikijaza, povu linapanda. Wiki moja niliyasuuza kwa dizeli yangu mwenyewe."

"Wiki ile nzuri."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

Ziada alimtazama usoni, moja kwa moja.

"Ningekuambia sabuni yako ndiyo inaharibu dizeli yangu, dada, ungeniamini?"

Wifi yangu ana kasoro nyingi, lakini si mwongo.

"Hapana," alisema.

Ziada akaitikia kwa kichwa, akainama, akaendelea kusugua sufuria.