Hedifoni ya Sikio Moja

Naikumbuka Jumamosi ile niliyoingia dukani Jinja na khaki mwilini, nikatoka na hedifoni ambayo sikuijaribu. Mwanangu, juzi uliniuliza ununue ipi kati ya zile mbili za waya za kuchezea gemu, ile nyeusi ya kawaida au ile yenye taa za rangi, maana pesa yako haifiki kwenye zile kubwa. Uliniuliza huku unacheka, ukidhani mzee hajui mambo hayo. Najua jambo moja tu, ila hilo moja lilinigharimu. Kaa nikueleze, na usinikatize, maana nikikatizwa nasahau nilipofika kisha nakasirika bure.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa askari magereza, kijana wa kutoka huku milimani juu ya Mbale, nimepangiwa kazi Jinja. Kambini nilipewa chumba kimoja na Opio, askari mwenzangu kutoka kaskazini, mtu mwema sana na mkoromaji mkubwa. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, kuanzia paredi ya asubuhi hadi kwenye sufuria ya posho. Ukitoka nje ya lango, watu wa mji ukiwasemesha Kiswahili walikutazama kwanza mikononi, waone umeshika nini, maana kwao hiyo ilikuwa lugha ya bunduki.

Baba yangu alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Enzi za utawala wa wanajeshi, askari walipanda mlimani wakamchukulia ng'ombe wake wote, wakamchapa viboko mbele ya mama, na amri zote walizitoa kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo aliapa kwamba lugha ile haitavuka kizingiti chake. Sasa fikiria, mwanawe wa kwanza akaja kumuaga amevaa khaki. Hakunipiga wala hakunilaani. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na miaka mitatu ikapita bila kunitumia hata salamu.

Nilijifanya sijali. Uongo mtupu. Jumapili wenzangu walipotembelewa na ndugu zao, mimi nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Nilichokitaka duniani ni neno moja kutoka kinywani mwa baba, neno la kuniita nyumbani. Mama aliniita mara nyingi, lakini mtoto wa kwanza aliyefungiwa mlango na baba hurudi akiitwa na baba. Nami nilikuwa na kiburi changu, nikasema nitangoja.

Mama hakujua kuandika. Dada yangu Nambozo, aliyekuwa ameolewa Mbale mjini, alikuwa na redio kaseti kubwa, ile ya maiki mbili za kurekodia, moja pembe ya kushoto na nyingine pembe ya kulia. Mama alishuka siku ya soko, akaketi mbele ya redio hiyo na kunizungumzia kwa Kigisu chetu. Kaseti ikapewa dereva anayekuja Jinja, naye akaniachia langoni. Hizo ndizo zilikuwa barua zetu.

Mimi nilikuwa na kinanda kidogo cha kaseti, cha kuvaa kiunoni, kisicho na spika. Bila hedifoni hakikusema kitu. Zile zilizokuja nacho Opio alizikanyaga kwa buti, akaomba radhi wiki nzima. Ndipo nikaenda mjini kununua nyingine za bei ya chini, maana mshahara wenyewe ulikuwa wa kuchungulia.

Duka lilikuwa la mama mmoja Mwislamu, Hajati Zaituni, mtu mpole mwenye miwani minene. Aliniwekea mbili mezani kwa bei ileile. Moja nyeusi, sura mbaya, waya wake mnene. Nyingine ilikuwa ya rangi ya fedha, na masikio yake makubwa yenye sponji nyekundu. Hajati akaniambia kwa upole niijaribu ninayoitaka, nivae, nisikilize upande huu na upande huu, nigeuze shingo, nikunje waya pale unapoingilia. Alikuwa hata na kinanda chake cha kujaribia.

Lakini dukani kulikuwa na watu, mwanangu. Wote walikuwa wakinitazama, askari mwenye khaki. Nikajiona nikisimama pale na masikio mekundu kichwani, nikigeuza shingo huku na huku, nikaona aibu. Nikasema, "Hakuna haja, mama. Naona ni nzuri." Nikalipa ile ya fedha, nikaondoka kwa mwendo wa paredi. Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu, nami methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Kuijua methali na kuifuata ni mambo mawili.

Kambini nikaivaa. Sikio la kushoto lilisema, la kulia kimya. Nikazungusha waya, nikapuliza, nikagonga. Kimya. Mtu mwenye akili angerudi dukani kesho yake, na Hajati angebadilisha bila neno. Mimi nikawaza: askari akirudi dukani na kitu mkononi, watu watasema amekuja kuwaonea, na huyo ndiye askari ambaye baba anamchukia. Tena nilikwisha kumringia Opio. Basi nikajipa moyo kwamba sikio moja linanitosha, la kushoto kwa mama, la kulia kwa filimbi ya afande. Nilijiona mwerevu kwelikweli.

Kaseti ya kwanza tangu ninunue hedifoni hiyo ilifika wakati wa mvua za masika. Mama alinisalimu, akanieleza kuhusu kahawa na jirani aliyevunjika mguu, kisha akanyamaza. Nikasikia kimya kirefu na kitu kama mtu anayenung'unika mbali. Nikadhani mama anatafuta maneno, au analia. Betri zilikuwa ghali, nikabonyeza kitufe cha kupeleka kaseti mbele mpaka nikamkuta tena. Aliporudi alisema, "Msikilize baba yako, mwanangu." Mimi nikaelewa kwamba ananitaka nivue khaki, nikakasirika, nikaizima.

Kaseti ya pili ilikuja Julai. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara kwetu Bugisu, na mdogo wangu Masaba alikuwa anasimama. Unajua vizuri maana ya siku hiyo kwetu: kijana anasimama mbele ya kisu asipepese jicho, na nyuma yake wanasimama ndugu zake wanaume. Mama akasema juu ya Masaba anavyocheza ngoma kijiji hadi kijiji, kisha kimya kilekile. Nikapeleka mbele. Agosti ikaja, nikawa zamu mnarani, nikatazama barabara ya kwenda Iganga, ile ya kurudi kwetu, siku nzima. Nilijiambia kwamba sikuitwa. Masaba alisimama bila mimi.

Baada ya hapo ikaja ya tatu, mwezi wa kumi, fupi. Mama alisema maneno machache sana na sauti yake ilikuwa imechoka. Kimya chake kilikuwa kirefu kuliko vyote, nacho nikakipeleka mbele.

Wiki chache baadaye na sikio la kushoto likafa. Opio akaniambia kuna fundi redio Bugembe, Mzee Ramadhani, mkali wa maneno lakini mikono yake haikosei. Nikampelekea hedifoni pamoja na kinanda, kaseti ya tatu ikiwa ndani. Alifungua, akatazama, akauliza imekuwa hivyo tangu lini. Nikamweleza kuwa la kulia halijawahi kusema tangu dukani. Akaniangalia juu ya miwani yake. Alisema kwamba mtu akinunua viatu akakuta vyote ni vya mguu wa kushoto atarudi mbio, lakini akinunua sikio lililokufa anakaa nalo mwaka mzima, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa, ila hili lingesikia dawa ya dakika kumi.

Akaunga waya pale ulipokatikia, kwenye maungio ya sikio. Akaivaa mwenyewe, akabonyeza kinanda, akasikiliza. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo upande wa kulia. Uso wake ukabadilika.

"Afande," akaniuliza, "huyu mzee ni nani?"

Nikamwambia hakuna mzee humo. Ni mama yangu, na anasema Kigisu.

"Mama yuko kushoto, kweli, na simwelewi. Lakini huku kulia kuna mzee. Anasema Kiswahili. Anasema hii ni mara ya tatu anamwita mtoto wake."

Mwanangu, nilimpokonya mzee wa watu hedifoni kichwani bila adabu. Nikarudisha kaseti nyuma, na pale ambapo siku zote nilikuta kimya, nikamsikia baba. Alikuwa ameketi pembe ya kulia ya redio ya Nambozo, akinong'ona kwenye maiki ya upande wake, kwa Kiswahili kibovu cha mtu anayevuta maneno moja moja.

"Mafabi. Mimi baba yako. Hii lugha nilifundishwa na kiboko. Sikutaka kuisema tena. Sasa nasema, kwa sababu ni lugha yako ya kazi. Masaba alisimama, wewe hapana. Watu waliuliza, nikasema uko njiani. Wewe kuja nyumbani. Hii mara ya tatu mimi ninaita."

Kaseti nyingine mbili zilikuwa chumbani. Nilirudi kambini nikazisikiliza kitandani, Opio akatoka nje aniachie nafasi. Katika ya kwanza alikuwa akinisalimu na kuniita nyumbani. Katika ya pili aliniomba nije nisimame nyuma ya mdogo wangu. Baba yangu, aliyeapa, alishuka mlima mara tatu hadi Mbale ili anizungumzie kwa lugha ya watu waliompiga, nami nikampeleka mbele ili niokoe betri. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema. Mimi mshindo wenyewe niliufungia mlango, kama yeye alivyonifungia mimi. Nililia hadi paredi ya jioni.

Nikaomba likizo, nikapanda kwetu. Nilimkuta baba uani akichambua kahawa kwenye mkeka. Alinisalimu vizuri, kwa Kigisu, kama unavyomsalimu mgeni. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, jinsi sikio moja lilivyokuwa bovu, jinsi sauti yake ilivyokaa upande ule peke yake. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na kahawa. Hakubisha. Aliniuliza tu kama hicho kitu ninacho, akione.

Nilikuwa nacho. Nilikileta kwa furaha, nikamvika kichwani mwenyewe, nikaweka kaseti ya tatu. Akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo nikakumbuka kwamba Mzee Ramadhani alikwisha kukitengeneza.

Baba alikivua, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kinasikika," akasema. "Pande zote mbili."

Nikamwambia fundi alikitengeneza hivi karibuni tu. Hata mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Mama alinitetea, Nambozo akanitetea, lakini baba aliona wananifichia uongo tu. Hakunifukuza. Nilikula kwake, nililala kwake, kila likizo nilikwenda. Alinipa kahawa nikamuuzie na akanishukuru. Ila Kiswahili hakukisema tena mbele yangu, na kuniita hakuniita tena. Miaka miwili baadaye aliugua, na aliyeniletea habari alikuwa Nambozo. Nilifika akiwa hai bado, akanishika mkono, akanisalimu kama mgeni, na hivyo ndivyo tulivyoagana. Upweke wa kambini, mwanangu, haukufika hata nusu ya ule.

Basi, nunua hedifoni ya waya, si aibu. Waya hauishi chaji katikati ya mchezo. Taa waachie wengine, taa hazisikiki. Ivae palepale dukani, sikiliza kushoto, sikiliza kulia, kunja waya pale unapoingia sikioni na pale unapoingia mashineni, sema neno kwenye maiki mwenzako akujibu. Ikae kichwani muda wa kutosha ujue kama inabana, maana nyinyi mnacheza mpaka wali unapoa. Watu wakikutazama, wacha wakutazame. Ukifika nyumbani ukaona kasoro, rudi siku hiyohiyo. Aibu ya dukani ni ya dakika moja, na anayeikimbia hajui itamdai nini mbele. Majuto ni mjukuu, nami huyo mjukuu nimemlea.

La pili ni hili, na ndilo kubwa. Ukivaa kitu hicho, usiwaambie watu wako wakungoje mpaka gemu iishe. Wenye kiburi hawaiti kwa sauti kubwa, na mara nyingi hawarudii. Mtu wako akinyamaza, usimrukie kwenda mbele kutafuta maneno mepesi. Vua, mgeukie, mngoje.

Mungu akupe masikio mazima na moyo usiojua kuringa. Akukuzie watu wa kukuita, na siku watakapokuita, uitike kabla sauti yao haijachoka. Mimi wa kwangu nilimwitikia kwa kuchelewa, na mpaka leo naitika.