Nilivyomsingizia Ugonjwa Kuku wa Bibi Siwema

Naomba niisimulie mwenyewe, maana mashemeji zetu wa kule Masaki ya Kisarawe wanaitia chumvi mpaka naonekana chizi, wakati aibu niliyoipata siku ile inatosha kabisa bila kuongezewa kitu.

Mimi nakaanga chipsi kuku pale Maili Moja, Kibaha (ndiyo, kuku, mtacheka baadaye). Kwenye baraza ya banda langu alikuwa akilala mjane mmoja, Bibi Siwema, chumba chake kilianguka na mvua, watoto hana, na alichobaki nacho ni furushi la khanga na kuku jike mweusi anayemwita Faraja. Huyo kuku alikuwa analala kifuani kwake, akiitwa anakuja, akigombezwa ananuna. Sasa kila nilipomtafutia bibi pa kukaa tulikwama kwa Faraja. Mwenye nyumba mmoja alikubali kumpa chumba bure mpaka masika yapite, alipomwona kuku akasema hapana, atamchafulia. Akina mama wa kanisani walikuwa na kitanda na godoro kabisa, wakasema kuku auzwe kwanza. Bibi akawashukuru, akarudi barazani kwangu. Nilimkasirikia, sikatai. Lakini alikuwa ameanza kukohoa, mawingu yanajaa kila jioni, na nilikuwa naogopa kwamba asubuhi moja nitakuja kufungua banda nimkute ameshakata roho.

Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu Mwanaidi wa Masaki, Kisarawe, mwenye nyumba kubwa na roho kubwa zaidi. Nikampigia, nikamweleza kuna bibi hana pa kulala, akasema mlete tu baba, njoo naye Jumamosi, kuna ugeni. Habari ya kuku sikuitaja. Niliona haya, mtu mzima na ndevu zangu nitaanzaje kumweleza shangazi wa shamba kwamba kuna kuku haliwi? Nikajisemea akishamwona bibi mwenyewe atazoea, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Ugeni wenyewe kumbe ni posa ya binamu yangu, binti wa shangazi. Uani watu wamejaa, mshenga wa upande wa mume kakaa kwenye kiti cha plastiki na kanzu yake nyeupe pee. Shangazi akampa bibi shikamoo, akamwona kuku kwapani, uso ukachanua. Kwetu mgeni akiingia na kuku mkononi hakuna cha kuuliza, hiyo ni zawadi, na huchinjwa siku hiyo hiyo kumpa heshima aliyeileta. Akampokea Faraja kwa mikono miwili, akashukuru mbele ya watu, vigelegele vikapigwa. Nikamtazama bibi aseme neno, hakusema, akakaa kwenye mkeka akiangalia miguu yake. Na mimi kumwambia shangazi mbele ya wakwe arudishe zawadi aliyokwisha kuishukuru, mdomo ukawa mzito.

Kabla sijajipanga, shangazi akanikabidhi kuku na kisu, akasema nichinje mimi, ndiyo kazi yangu. Basi nimesimama na kisu, Faraja ananiangalia kwa jicho moja, watu wote wananisubiri, ndipo nikatoa busara yangu ya mwaka.

"Shangazi, kuku huyu tusimle. Ana kideri."

Jamani. Kideri kikiingia kwenye boma kinazoa kuku wote, na kuku wa shangazi walikuwa wamezagaa uani kibao, na mimi ndiye mtu wa kuku, kwa hiyo hakuna aliyenibishia. Wanawake wakaanza kuswaga vifaranga, mshenga akainua miguu juu, na shangazi, ambaye hajawahi kunifokea tangu nizaliwe, akaniuliza mbele ya wakwe kama nimetoka Kibaha kuja kummalizia kuku siku ya posa ya mwanawe. Kisha akaamuru kuku yule achomwe moto sasa hivi. Yaani nimemtoa kwenye kisu nikamtia motoni.

Niliposikia moto nikadondosha kisu, Faraja akachomoka, nami nikamfuata, nikajirusha mzima mzima nikakumbatia nilichodhani ni kuku, kumbe ni mguu wa mshenga. Kiti kikavunjika, mshenga chali, jagi zima la juisi ya ukwaju likamwagikia kanzu. Nikabaki nimelala pale na mguu wa mtu mkononi, na hakuna aliyecheka, hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Ndipo Bibi Siwema akaita taratibu, "Faraja." Kuku akatoka chini ya meza, akapita mbele ya wazee wote, akapanda mapajani kwake. Ikabidi niseme ukweli wote nikiwa bado chini. Shangazi akachuchumaa mbele ya bibi, akamuuliza kwa nini alinyamaza wakati kuku wake anapelekwa kuchinjwa.

"Kila nilikoenda walitaka nimwache," bibi akasema. "Nikajua na hapa ndiyo bei ya kulala. Nimechoka, mwanangu."

Shangazi alilia. Mimi pia nililia, ukwaju umenijaa puani. Mshenga, amelowa vile vile, akasema upande wao wameridhika, binti aliyelelewa nyumba hii hawamwachi.

Bibi alipewa chumba cha uani walimokuwa wakiweka korosho, na mpaka leo yupo, kikohozi kimekwisha, anamenya mihogo na shangazi huku wananisengenya. Faraja ana vifaranga na hakuna anayemgusa. Siku ya harusi mimi nilikalishwa mbali kabisa na mshenga, kwa amri.

Tangu hapo nimeapa sitaficha tena kile ambacho mtu hawezi kukiacha. Juzi kaja bandani mlinzi aliyepoteza kazi na chumba, na mbwa wake. Nikampigia mzee mmoja wa Chole, huko huko Kisarawe, mwenye shamba la mikorosho, na nilipomaliza shikamoo tu nikasema, "Mzee, wanakuja wawili, mmoja ni mbwa. Ukimkataa mmoja umewakataa wote."

 Mzee akauliza huyo mbwa anakula nini.