Msimu Mama Alipovua Kitambaa

Upepo ukitoka upande wa kiwanda, saluni ya mama pale Kapsoit ilikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya majani ya chai yanayokaushwa, nzito na tamu kidogo, kama mkate unaokaribia kuungua. Ya pili ilikuwa ya dawa ya kulainisha nywele, iliyochoma pua mpaka machozi yakakutoka. Nilikulia katikati ya harufu hizo. Nikitoka shule niliketi karibu na draya, daftari la hesabu magotini, na wanawake wakazungumza juu ya kichwa changu kana kwamba sikuwa na masikio: mvua ya mawe iliyopasua majani ya chai, ng'ombe wa fulani aliyekataa kushika mimba, mchungaji mpya na mahubiri yake marefu. Mama alikuwa na mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, lakini kitu ambacho watu walikitaja kwanza ni nywele zake. Zilimfika mabegani, nyeusi tii, na alizipaka rangi mara kwa mara ili zing'ae. Mteja akiulizwa anataka kutengenezwa vipi, mara nyingi alinyoosha kidole tu na kusema, "Kama zako."

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la sita. Dada yangu mkubwa, Chepkirui, alikuwa amemaliza chuo na kupata mchumba kutoka Siongiroi, na wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba koito, yaani siku ya jamaa ya mwanamume kuja kwetu kumposa rasmi, ifanyike likizo ya Agosti. Nyumba yote ilichangamka. Baba alipaka ukuta wa mbele chokaa, na maziwa ya mursik yakaanza kugandishwa mapema ndani ya vibuyu. Katikati ya shughuli hizo nikaanza kuona nywele za mama mahali ambapo hazikupaswa kuwa: kwenye mto, kwenye beseni, juu ya bega la sweta yake. Kwanza alisema ni uchovu. Kisha paji la uso likaanza kupanda juu pande zote mbili, na utosini mstari uliogawa nywele ukapanuka, ukawa kama njia ya ng'ombe inayokatiza shambani. Nilimkuta siku moja mchana, saluni ikiwa tupu, ameshika kioo kidogo nyuma ya kichwa na kujitazama kwenye kile kikubwa. Aliponiona alikiweka chini taratibu na kuniuliza kama nimekula.

Alichofanya kilikuwa kile ambacho fundi yeyote wa nywele angekifikiria kwanza. Aliongeza rangi. Alipaka nyeusi mara nyingi zaidi, akaisugua hata kwenye ngozi pale palipokuwa wazi, na juu ya hayo akasuka mistari ya kukaza sana ili nywele chache zilizobaki zifunike pengo. Ngozi ilimwasha usiku kucha. Asubuhi alifunga kitambaa, akaenda kazini akiwatengeneza wengine huku yeye mwenyewe akiwa amefungwa kichwa kama mgonjwa wa meno. Wateja si vipofu. Mmoja aliyekuwa akija tangu sijazaliwa alianza kwenda saluni ya ng'ambo ya barabara, na tuliposikia maneno yake yalikuwa mafupi: "Kama amemaliza zake, zangu atazifanya nini?"

Siku iliyotuvunja ilikuwa Jumapili. Mama aliongoza kwaya ya akina mama, na siku hiyo sare yao ilikuwa blauzi nyeupe bila vitambaa. Alikuwa amejipaka vizuri sana, ukimtazama kwa mbali hungejua. Lakini mvua ilitukuta njiani kabla hatujafika kanisani, na walipoanza wimbo wa pili nikaona uzi mweusi ukishuka kutoka kwenye nywele zake, ukapita karibu na sikio na kuingia kwenye kola. Kisha wa pili. Mama hakujua, alikuwa amefumba macho, ameinua mkono, anaimba. Watu wa mstari wa mbele wakaanza kugusana. Aliyemwokoa ni Mama Akinyi, mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwa aliyefanya kazi kiwandani na aliyesimama nyuma yake kwenye sauti ya tatu. Alivua leso yake kiunoni, akamfunika mama kichwa na mabega, akamtoa nje kupitia mlango wa kando, na wimbo ukaendelea. Nilitoka mbio nikawakuta chini ya paa la jiko la kanisa. Mama alikuwa akilia bila sauti.

"Wewe, Mama Chepkirui," Mama Akinyi alisema, akimpangusa shingo, "hii si ya kupaka rangi. Hii ni ya daktari."

"Mambo ya nywele tu nimpelekee daktari? Atanicheka."

"Acheke. Mimi nitakaa hapo nikimwangalia akicheka."

Daktari wa ngozi mjini Kericho hakucheka. Alikuwa mwanamke mwenye miwani, na alimchunguza mama kichwa kizima kwa taa ndogo, akamuuliza kuhusu mama yake na shangazi zake, akaagiza damu ipimwe. Kisha akamwambia ukweli wote. Mbele, kukaza mistari miaka mingi kulikuwa kumeng'oa nywele pamoja na mizizi, na sehemu nyingine hazingerudi. Utosini, ilikuwa aina ya kupungua inayowapata wanawake wengi kwa kurithi. Kulikuwa na dawa ya kusaidia, lakini ya polepole. Ile rangi kali ilikuwa imeunguza ngozi na ilibidi iachwe kabisa mpaka ngozi ipone. "Sitakudanganya, mama," alisema. "Tunaweza kulinda zilizopo. Za zamani usizisubiri." Nilidhani mama angevunjika moyo. Badala yake, tulipotoka aliketi kwenye benchi la nje na kupumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mtungi.

Jioni hiyo alimpa Chepkirui mkasi. Dada alikata huku analia, na mama akamwongoza kama mwanafunzi: punguza hapa, usiguse pale. Kwa wiki nyingi baadaye aliosha kichwa kwa maji ya vuguvugu, akapaka dawa ya daktari, na hakugusa rangi. Ngozi ilipotulia na daktari akamruhusu, alianza kufikiri kama fundi tena. Nakumbuka alivyonieleza, kichwa chake kikiwa karibu na dirisha. "Nyeusi ndiyo ilikuwa inanichoma mara mbili. Nywele nyeusi kwa ngozi ya maji ya kunde, kila pengo linapiga kelele." Alitafuta rangi laini isiyo na kemikali kali, ya kahawia yenye wekundu kidogo, iliyokaribiana na rangi ya ngozi yake. Alijaribu tone nyuma ya sikio, akangoja kuona kama itawasha, kisha akapaka, akiwa na glovu, bila kusugua ngozi. Alipoosha na kukausha kwa taulo tulisogea wote kumtazama. Pengo lilikuwepo, lakini jicho halikuliona. Ulichoona ni mwanamke mwenye nywele fupi za kahawia na shingo ndefu ambayo hatukuwahi kujua kwamba anayo.

Senge, dada yake baba, alifika siku moja kabla ya koito akiwa na wigi ndani ya mfuko. "Wageni wanatoka mbali," alisema. "Vaa hii. Kesho tu. Usiaibishe mtoto."

Mama alimtazama Chepkirui. "Nikuaibishe?"

"Mama, ukivaa hiyo mimi sitatoka chumbani," dada akajibu.

Basi mama aliwapokea wakwe kichwa wazi, katika gauni la kijani, jua la Agosti likimpiga utosini. Senge alikaa amekunja uso mpaka chakula kilipoandaliwa. Wakati huo mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye kitambaa kilichofungwa mpaka kwenye nyusi, alimfuata mama jikoni ambako nilikuwa nikisuza vikombe. Alifunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini, "Mkwe, nani amekutengeneza?"

"Mimi mwenyewe."

Yule mama alifungua kitambaa chake. Kichwa kilikuwa kama cha mama kabla ya mkasi, pengine kibaya zaidi. Walitazamana, kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakashikana mikono, na baba akaja kugonga kuuliza kama kuna tatizo. Kabla ya mwezi kuisha alikuja Kapsoit, akakaa kwenye kiti, akarudi Siongiroi akiwa na nywele fupi za rangi ya asali. Baada yake wakaja wengine, kutoka Sotik, kutoka Chepilat, wengi wakiingia wamefunga vitambaa na kuuliza kama mlango unafungika. Mama aliwasuka kwa kulegeza, akawakatalia rangi walio na vidonda, akawatuma kwa daktari kwanza. Yule mteja wa ng'ambo ya barabara naye alirudi. Mama alimkaribisha chai na hakumkumbusha chochote.

Siku hizi nafundisha Bomet, na wasichana wa shule yangu hutazama kwenye simu mambo ambayo mama aliyapata kwa machozi. Wanataja majina ya magonjwa ya nywele bila haya, wananyoa, wanapaka zambarau, na hakuna anayetolewa kanisani chini ya leso. Nafurahi, ingawa wakati mwingine natamani wangejua jinsi neno upara lilivyokuwa gumu kulitamka katika chumba kilichojaa wanawake. Nywele za mama hazikurudi kuwa kama zile. Ana mvi sasa, na bado anazipaka rangi, bado ni fupi. Mwaka jana nilipoona mstari wa utosini mwangu unaanza kupanuka sikushtuka wala sikujificha. Nilienda nyumbani Jumamosi nikamwonyesha. Aliinamisha kichwa changu kwenye mwanga, akakipapasa, kisha akasema nitapendeza na kahawia. Nikamwambia nataka nyekundu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mimi nikashinda.