Supu ya Magome na Choo Cheusi

Sogea karibu, mzazi mwenzangu, nikueleze polepole, maana hata mimi nilieleweshwa polepole.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Ini lake liliumia tangu uchanga, likajaa makovu. Daktari alinieleza kwa mfano wa mifereji yetu ya mlimani: mfereji ukiziba, maji hayasimami, yanatafuta vijia vya pembeni mpaka kingo zinabomoka. Damu inayopaswa kupita kwenye ini hufanya vivyo hivyo. Hukimbilia vimishipa vyembamba vya njia ya chakula, navyo hutuna, na siku moja hupasuka. Kwa hiyo kila siku alimeza dawa ya kupunguza msukumo huo.

Likizo moja tulitoka kwetu mjini, Sombetini, kwenda kwa mama mkwe, magharibi ya Mlima Meru. Kule mgonjwa huchinjiwa mbuzi, na supu huchemshwa na magome ya mti mpaka inakuwa nyeusi. Mtoto alikunywa, akaomba tena. Kesho yake choo chake kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake sijaisahau. Mama mkwe alicheka. Alisema supu imefanya kazi, uchafu unatoka, na kwamba sisi wa mjini tukiona choo tu tunatafuta gari. Mashemeji wakamuunga mkono. Mtoto mwenyewe hakulia wala hakuwa na homa, alitaka tu kulala.

Nikalivuta kope lake la chini. Ndani palikuwa peupe kabisa, kama mtu aliyeishiwa damu.

"Mama, hii siyo supu. Ni damu, inavuja ndani na kugeuka nyeusi tumboni."

Mama mkwe alimtazama mjukuu wake.

"Na mimi nimeinywa hiyo hiyo," akasema taratibu. "Changu hakiko hivyo."

Akavua shuka lake, akamfunika. Tukiwa njiani kwenda hospitali mtoto alilitapikia shuka hilo damu, nyingi.

Hospitali walimwongezea damu, kisha mishipa ile ikafungwa kwa vipira vidogo vya kuibana. Alipona siku ile. Ini halijapona, na mishipa inaweza kutuna tena. Tunarudi kila tunapoitwa. Siku hizi mama mkwe akipiga simu huuliza kwanza rangi ya choo, salamu baadaye.

Kama mtoto wako ana ugonjwa wa ini, kitazame choo chake kila siku. Kikiwa cheusi na kinanata, au akitapika damu, usingoje alalamike maumivu. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.