Mzungu Aliyekuja Matangani

"Boi! Wapi maji ya moto? Pesi-pesi, mbwa wewe!"

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Sisi wanawake tuliokaa mkekani chumbani hatukuona kitu bado. Tulisikia buti zikikanyaga changarawe na fimbo ikigonga ukuta wa udongo. Kiswahili kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba ya mkonge, kilichovunjika kila mahali isipokuwa kwenye matusi. Bibi yangu, mama yake mama, tulikuwa tumemzika juzi. Mama aliinua kichwa.

"Mtani huyo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie akacheka.

Tulitoka uani. Mzee wa Kinyamwezi, aliyekuja zamani Korogwe kukata mkonge akaoa kwetu Handeni na asirudi kwao, alikuwa amejipaka majivu usoni na kuvaa nusu ya kibuyu kichwani badala ya helmeti. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua, na mtani msibani ana ruhusa ya lolote. Huingia kaburini akakataa kutoka, huiga marehemu alivyokuwa akikohoa. Wafiwa wakichoka humpa kitu, naye huacha.

"Ondoka hapa, mkata mkonge wewe!" jirani akamrushia. "Hata helmeti huna!"

"Nyamaza, koko!" akajibu kwa sauti ile ile ya puani. Kisha akavua kibuyu, akainama mbele ya mlango. "Mimi nataka ona mtoto yangu. Nasikia watu nazika mtoto yangu, hapana ita baba yake."

Vijana waliendelea kucheka. Wazee waliacha. Mama aliwatazama wazee, akaenda bandani haraka, akarudi na jogoo. Mtani akampokea, akajifuta majivu, akawa mzee wa kawaida tena, akaomba maji ya kunywa.

Katibu wa kijiji aliyaona yote hayo akiwa kwenye jamvi la wanaume. Aliletwa kwetu Sindeni kutoka mkoa wa mbali, mwaka ule tulipohamishwa kutoka mashamba yetu upande wa Kwaluguru na kupangwa kwa mistari katika kijiji cha ujamaa. Alikuwa kijana mwenye bidii, na nadhani watani wa kwao hawakuwa wa namna hii. Yeye aliona mtu akifichua siri, kisha akaona akipewa jogoo ili anyamaze.

Mama alikuwa ndiye mshika duka la kijiji. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya katani, na posho ile ndogo ndiyo iliyotuvisha tangu baba afariki. Kesho yake katibu aliingia dukani, akasimama mbele ya gunia la sukari.

"Ndugu, nasikia asili yenu ni walowezi wa Kiingereza."

"Umesikia wapi?"

"Matangani. Na wewe ukatoa jogoo."

"Ule ni utani, ndugu katibu."

"Utani haulipiwi jogoo."

"Sasa unalipiwa nini? Sindano?"

Hakucheka. Alisema mali ya wananchi haiwezi kushikwa na kizazi cha wanyonyaji. Mama alete mtu mzima anayeijua asili yetu, aseme mbele ya wazee. La sivyo arudishe ufunguo.

Tangu hapo macho yalibadilika. Wanawake waliokuja kununua sabuni waliitazama mizani, kisha wakaitazama pua ya mama. Nami nikajificha na kioo, nikazichunguza pua yangu na nywele zangu kama polisi anayepekua mzigo. Nilimshuku mtani: lile neno lilimponyoka, au alilitafuna miaka yote akingoja siku ya kulitema? Mama alimshuku katibu. Shemeji wa katibu huyo alikuwa amewasili karibuni, hana kazi, na kila jioni alikuja kuegemea mlango wa duka.

Tulipanda lori la mahindi hadi Korogwe kutafuta shahidi. Manundu ndiko alikoishi dada mkubwa wa bibi, wa mama mmoja baba mbalimbali, yeye pekee aliyebaki wa rika lile. Alitupokea kwa mashaka. Shikamoo zetu hazijapoa, akasema, "Kama mmekuja kudai shamba la mkonge, serikali imeshalichukua."

Hatukuwa tumemuuliza kitu. Mama alikaa chini polepole.

"Kumbe ni kweli, mama mkubwa."

Bibi huyo akashika kinywa. Baadaye, akichambua mchele bila kutuangalia, akasimulia. Mzungu mwenyewe alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza waliokuja Wajerumani walipoondoka. Alijenga nyumba ya mabati kilimani, na mama yao alikuwa akimfulia. Marehemu bibi yangu alipozaliwa, Mzungu alishuka kumtazama, akaleta blanketi la kijivu. Kisha akaenda kwao, akiahidi kurudi masika yakiisha. Shamba likauzwa kwa Mgiriki.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ili iweje? Kwetu mtoto ni wa mama yake. Tukitambika tunawaita wa upande wa mama. Huyo Mwingereza tungemwita kwa lugha gani?"

Mama karibu acheke. Akaeleza habari ya ufunguo.

"Basi nitakuja," yule bibi akasema. "Nitasema mama yetu alimpata huyo mtoto njiani, baba hajulikani. Yatakwisha."

"Bibi yangu asemwe hivyo mbele ya watu wote? Na kaburi la mwanawe bado bichi?"

"Mwanangu, unataka duka au hutaki?"

Mama aliinuka, akaaga. Njia nzima ya kurudi alikuwa akikishika kile kifundo cha kamba shingoni, akikiachia, akikishika tena.

Siku tuliyopangiwa kuleta shahidi, katibu alifika dukani na wazee wawili. Shemeji yake alikuwa ameshapita nyuma ya kaunta. Mtani naye alijipenyeza mlangoni.

"Shahidi wako yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe," mama alisema. "Baba wa mama yangu alikuwa setla, Mwingereza. Bibi yangu alimfahamu vizuri. Hakupata mtoto njiani."

"Ndugu katibu!" mtani akapaza sauti. "Mimi nilikuwa natania tu, wallahi!"

"Nyamaza, baba," mama akamwambia. "Jogoo umeshamla."

Katibu alikunja uso. Nilihisi alikuwa amejiandaa kuukamata uongo, na sasa mikono yake imebaki mitupu. Aliwatazama wazee, wazee wakatazama nje. Akanyoosha kiganja.

Mama alivua kamba, akaiweka juu ya kaunta, si kiganjani. Alijitanda khanga yake vizuri, akanipa ishara nitangulie. Nilikuwa nimeshafika chini ya ngazi nilipogeuka. Mama alikuwa bado kwenye ngazi ya juu wakati yule shemeji wa katibu aliponyoosha mkono kutoka ndani, akaufunga mlango nyuma ya mama.