Neno Zuri Zaidi

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, kabla ya magharibi, nilimpoteza mama yangu. Naandika kwa Kiswahili, lugha yetu ya dukani, kwa sababu Kiurdu kilikuwa chetu mimi na yeye, na Kiingereza sitaki kukigusa kwa sasa.

Sisi ni watu wa vitambaa hapa Isiolo. Nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, tunasema Kiurdu, kwenye kaunta Kiswahili, na Kiborana cha kutosha kumuuzia mteja aliyetoka Merti. Kiingereza changu kiliishia kidato cha nne. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, lakini kwanza nilitakiwa kupita mtihani wa Kiingereza kigumu, maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu wa mji huu akiyasema.

Mwalimu wangu alikuwa Ammi, ndivyo tulivyomwita mama, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Niliandika neno upande wa kushoto wa daftari. Yeye aliandika maana kwa Kiurdu, akianzia kulia, tukakutana katikati ya ukurasa. Kila siku baada ya swala ya alasiri aliketi kwenye mkeka akichambua dengu, akafunika upande wangu kwa ncha ya mtandio, akasoma maana, nami nikataja neno. Nikikosa, tukimaliza aliniambia hata mbuzi wa Oldonyiro angekuwa ameshalishika.

Sheria niliiweka mimi. Katika saa hiyo, nje ya daftari, ni Kiingereza tu, na atakayeteleza ataosha vyombo. Ammi aliipenda sheria hiyo, maana aliyeteleza kila siku ni mimi. Yeye akitaka kitu alikuwa anaonyesha tu kwa kidole.

Siku hiyo mkono wake ulisimama ndani ya dengu. Akaweka kiganja kifuani.

"Here, small pain," akasema.

Ningependa kuandika kwamba nilidhani anafanya mazoezi. Sikudhani hivyo. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Nikafikiri ni gesi, au joto, na ukurasa ulikuwa haujaisha. Nikamwambia kuna neno zuri zaidi.

"Discomfort, Ammi."

Alilisema vibaya, nikamrekebisha. Akalirudia mara mbili mpaka nikaridhika, akatabasamu kwa kuwa nimeridhika. Tukaendelea. Alinisomea maana kadhaa tena, sauti ikipungua, nami nikazipata zote. Kisha akaacha kusoma.

"Beti, bas," akasema. Binti yangu, inatosha.

Nikamwambia leo vyombo ni vyake.

Alipoegemea ukuta ndipo niliposimama. Jirani yetu, mama mmoja Mborana, alisikia nikiita, akaleta tuktuk hadi mlangoni, tukampakia sisi wawili. Ammi alikata roho kabla hatujafika hospitali, kichwa chake mapajani mwangu.

Kaka yangu, ambaye ndiye ndugu yangu wa pekee, alifika kutoka Nanyuki kwa mazishi. Siku ya tatu, wanawake wakiwa ndani wanasoma Kurani, aliniita nyuma ya nyumba akaniuliza kama Ammi alilalamika mapema. Alitaka kujua kama kulikuwa na muda wa kumwahisha. Ningeweza kusema hapana. Aliyekuwa naye ni mimi peke yangu. Nikamweleza yote, neno kwa neno, hata la vyombo.

Akaokota kijiti, akakivunja vipande.

"Angekuambia kwa Kiurdu mapema," akasema, "ungesimama?"

"Sijui, bhai."

Na kweli sijui. Nimejiuliza tangu siku hiyo na bado sijui.

Hakunigombeza wala hakunishika bega. Aliuliza birika la maji ya udhu liko wapi. Nikamwonyesha, akaenda kutawadha.